UZI: Kuchagua mbegu za vishamba vya kulishia wanyamapori ndani ya msitu (Kentucky na majimbo jirani)

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu.

Wenzetu wengi walioko Kentucky, Tennessee, Indiana na Ohio sasa wanamiliki au wanakodi vipande vya ardhi yenye msitu, na kila ifikapo Julai maswali ya mbegu huanza kumiminika humu. Nimeona niweke mahali pamoja yale ninayoyafahamu kuhusu vishamba vidogo, yaani vile vya robo ekari hadi nusu ekari vinavyofunguliwa katikati ya miti kwa ajili ya kulungu wenye mkia mweupe na bata mzinga wa mwituni. Mashamba makubwa ya wazi siyagusi, kwa sababu huko hesabu ni nyingine kabisa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa kishamba cha msituni, swali la kwanza kuhusu mbegu yoyote ni hili: mmea wake ukiliwa ukiwa bado mchanga, utachipua tena au utakufa? Utamu, kiasi cha protini na picha ya pembe kubwa iliyochapwa kwenye mfuko ni mambo ya kuangaliwa baadaye, kama yana haja ya kuangaliwa.

Robo ekari ni takribani meta 1,000 za mraba. Kulungu mmoja mzima hula karibu kilo 3 za majani mabichi kwa siku, naye haji peke yake. Majike huja na watoto wao, na wakishapajua mahali hurudi kila jioni. Kipande cha ukubwa huo kikipandwa soya au mahindi huweza kumalizwa kabla mimea haijafika magotini. Walio na ekari tano au zaidi wanaweza kupanda soya na wakabakiwa na kitu, kwa kuwa midomo inatawanyika. Sisi wa vishamba vidogo hatuna nafasi hiyo.

Hapa naomba nikae kidogo na kunde, kwa sababu ndizo zinazowavuta watu wetu. Kusini mwa Marekani kuna aina ya kunde iitwayo Iron and Clay ambayo huuzwa sana kwa ajili ya kulungu, na fiwi, ile ambayo Wakenya wengi wanaijua kama njahi, nayo huuzwa kwa kazi hiyo hiyo. Mtu aliyekulia Dodoma au Machakos akiliona gunia la kunde dukani, huku akijua kwamba zao hili asili yake ni Afrika na linastahimili ukame, atalichukua bila kuuliza. Kulungu wanazipenda kweli. Tatizo liko kwenye umbile la mche. Kunde inapoota huinua vile vipande viwili vya mbegu juu ya udongo, na sehemu inayokua inakaa juu yake, kwenye ncha. Kulungu akikata juu ya vile vipande, mche unaweza kuchipua kwapani mwa majani, ingawa kwa unyonge. Akikata chini yake, hakuna jicho lililobaki na mche umekwisha. Katika kishamba kidogo kilichozungukwa na miti, wanyama hufika wakati miche ndiyo kwanza ina majani mawili, na wiki moja inatosha kukiacha kipande chote na vijiti vitupu.

Sasa inama uangalie ngano iliyoota Septemba. Majani yanasimama juu, lakini sehemu inayokua imekaa chini kabisa usawa wa udongo, na itabaki huko majira yote ya baridi hadi shina litakapoanza kurefuka wakati wa machipuko. Mnyama akikata majani leo, mengine yanasukumwa kutoka chini. Rai, nafaka inayofanana na ngano ila yenye jani la kijivujivu kidogo, hufanya vivyo hivyo. Klova nyeupe, mmea mfupi wa malisho wenye majani matatu-matatu, ina njia yake nyingine: vishina vyake hutambaa juu ya udongo na kutoa mizizi kila kifundo, hivyo mdomo wa kulungu huchukua jani na kikonyo tu, na shina linaendelea na safari yake. Hii ndiyo sababu ya msingi inayonifanya nipendekeze klova nyeupe pamoja na nafaka za majira ya baridi kwa karibu kila anayeniuliza.

Jambo la pili ni mwanga, na hapa tuliozaliwa karibu na ikweta tunahitaji kubadili mazoea ya macho yetu. Nyumbani jua la adhuhuri liko utosini. Kentucky, iliyo karibu nyuzi 38 kaskazini, jua husafiri upande wa kusini mwaka mzima. Mwishoni mwa Septemba, wakati ambapo miche ya vuli inahitaji mwanga kuliko kitu kingine chochote, mti wa meta 20 ulio kando ya kusini hutupa kivuli cha takribani meta 16 adhuhuri, na kirefu zaidi asubuhi na jioni. Kwa hiyo ukitaka kupunguza miti ili kufungua kishamba, anza na ile ya kusini, na kishamba chenyewe kiwe kirefu kutoka mashariki kwenda magharibi. Klova nyeupe huvumilia kivuli cha sehemu ya siku. Isipopata walau saa nne za jua, hata yenyewe hudhoofika na moss, vile vimea vidogo vya kijani vinavyotanda chini penye kivuli na unyevu, huchukua nafasi. Chini ya hapo usitafute mbegu ya ajabu. Tafuta msumeno, au tafuta mahali pengine.

Halafu udongo. Udongo wa chini ya mialoni katika vilima vya mashariki mwa Kentucky kwa kawaida ni mchachu, na si ajabu kukuta pH (kipimo cha uchachu; kadiri namba inavyoshuka chini ya 7 ndivyo uchachu unavyozidi) ya 5 na kidogo. Klova inataka 6 hadi 7. Rai huvumilia mpaka karibu 5, ngano inataka udongo mzuri zaidi ya rai, na oti iko katikati. Hakuna mbegu ninayoweza kumshauri mtu kabla hajapima udongo wake, na kupima si kazi kubwa: Chuo Kikuu cha Kentucky kina ofisi ya ugani katika kila kaunti kati ya kaunti 120 za jimbo, na bwana shamba wa pale atapokea sampuli yako na kukurudishia karatasi inayosema udongo una pH gani na unahitaji chokaa ya kilimo kiasi gani. Jibu likiwa tani 2 kwa ekari (tani ya Marekani ni pauni 2,000), robo ekari itataka nusu tani, yaani mifuko 25 ya pauni 40. Chokaa huchukua miezi kufanya kazi, hivyo ya kishamba cha Septemba iwe imeshawekwa ifikapo machipuko.

Kwa robo ekari yenye mwanga wa kutosha na udongo uliosahihishwa, kiasi ninachokitumia ni pauni 12 hadi 15 za ngano au rai, pauni 2 za klova nyeupe, na nusu pauni ya chikori. Chikori, mmea wa majani mapana, ina mzizi unaozama ndani sana, na hubaki na majani mabichi Julai na Agosti wakati klova imechoka na joto. Ngano au rai hutangulia kuota na kuwalisha wanyama vuli na baridi yote, wakati klova inajenga mizizi chini yake. Mwaka wa pili kishamba kinakuwa cha klova. Mbegu ya klova ni ndogo sana, haipaswi kufukiwa zaidi ya nusu sentimeta. Mwaga nafaka kwanza, zipitishie reki zifunikwe kidogo, kisha ndipo umwage klova juu na kuikanyaga au kuipitishia pipa, bila reki tena.

Naomba kuwasilisha. Maswali yanakaribishwa.

Mchangiaji kutoka Nashville

Ahsante sana mkuu kwa uzi wenye manufaa. Mimi nimekuta dukani mifuko ya mchanganyiko maalumu wa kulungu, pauni 5 kwa bei inayokaribia gunia zima la ngano. Muuzaji ananiambia mbegu zake ni za utafiti wa miaka mingi. Je, zina tofauti yoyote ya kweli na hizi ulizozitaja?

Mleta uzi

Mkuu, geuza mfuko usome lebo iliyoshonwa au kuchapwa nyuma kwa herufi ndogo. Marekani ina sheria ya shirikisho ya mbegu tangu mwaka 1939, na majimbo yana sheria zake pia, zinazomtaka muuzaji aandike aina ya mbegu, asilimia ya usafi, asilimia ya uotaji, mbegu za magugu, vitu visivyoota na tarehe ya kupimwa. Picha ya mbele haifungwi na masharti hayo.

Nikupe mfano wa hesabu. Chukulia mfuko wa pauni 5 wa klova iliyopakwa ganda, ambao lebo yake inasema klova ni asilimia 64, vitu visivyoota asilimia 34, na uotaji asilimia 85. Zidisha 64 kwa 85 upate karibu asilimia 54. Maana yake ni kwamba katika pauni 5 ulizolipia, mbegu hai ni pauni 2.7 tu. Mfuko wa klova isiyopakwa chochote wenye usafi wa asilimia 98 na uotaji ule ule utakupa pauni 4.2. Sisemi kwamba ganda ni wizi. Mara nyingi limebeba bakteria wa raizobia wanaoisaidia klova kujitengenezea naitrojeni mizizini, na hilo ni jambo la thamani. Ninachosema ni kwamba bei ilinganishwe kwa pauni ya mbegu hai. Ukinunua mbegu isiyopakwa, nunua na pakiti ya bakteria wa klova, uangalie tarehe ya mwisho ya kutumika. Bakteria wa kunde ni wengine na hawafanyi kazi kwa klova.

Angalia pia kama mchanganyiko umejazwa mbegu za nyasi za Lolium, ambazo kwa Kiingereza huitwa ryegrass na hivyo huchanganywa kwa jina na rai. Huota haraka na kukipa kishamba sura nzuri ya kijani ndani ya siku chache, na kwa kuwa ni za bei ya chini huongeza uzito wa mfuko. Zikishakomaa na kumwaga mbegu zinaisonga klova, na kuziondoa ni kazi. Rai ya nafaka ninayoipendekeza huandikwa kwenye lebo kama Secale cereale. Hakikisha unaona maneno hayo.

Mchangiaji kutoka Lexington

Kaka, nashukuru. Kishamba chetu kiko nyuma ya mlima, hakuna njia ya gari, na mimi na mume wangu hatuwezi kubeba mifuko 25 ya chokaa mgongoni. Udongo umepimwa na pH yake ni 5.3. Tuache tu?

Mleta uzi

Dada, msiache. Punguzeni eneo kwanza. Badala ya robo ekari, chagueni kipande cha meta 400 za mraba chenye jua zuri zaidi. Kwa kipimo kile kile cha tani 2 kwa ekari, mtahitaji mifuko kumi, na hiyo inaweza kubebwa kidogo kidogo katika majira ya baridi wakati hakuna kupe wala majani marefu njiani.

Mwaka wa kwanza pandeni rai peke yake, pauni kumi kwa kipande hicho, Septemba au hata mapema Oktoba. Rai huota katika baridi inayozishinda nafaka nyingine zote, hata udongo ukiwa na joto la nyuzi moja au mbili juu ya kuganda, na kwa pH ya 5.3 haitawaangusha. Wakati huo chokaa inaendelea na kazi yake. Kisha Februari au mwanzoni mwa Machi, asubuhi ambapo udongo umeganda na una nyufa ndogondogo kama sega la nyuki, mwageni klova juu ya rai bila kugusa udongo. Usiku unaganda na mchana unayeyuka, nyufa zinafunguka na kufunga, na mbegu inavutwa ndani yenyewe. Njia hii haihitaji trekta wala jembe, na kwa mahali penu siioni njia iliyo bora zaidi. Rai ikifika kiunoni mwezi Mei, ifyekeni ilale chini, ili klova ipate jua.

Mchangiaji kutoka Columbus, Ohio

Mimi nina uwazi tayari, uliokuwa malisho ya ng'ombe zamani. Umejaa nyasi nzito. Nikimwaga klova juu yake si itatosha?

Mleta uzi

Inategemea nyasi zenyewe. Katika malisho ya zamani ya ukanda huu, nyasi nzito zinazobaki kijani mpaka baridi inaingia mara nyingi ni feskyu ya aina ya Kentucky 31, iliyookotwa kwenye shamba la kilimani katika kaunti ya Menifee mwaka 1931 na kutolewa rasmi na Chuo Kikuu cha Kentucky mwaka 1943. Ilisaidia sana kuzuia mmomonyoko. Hata hivyo ndani yake huishi kuvu anayetengeneza sumu inayowadhuru mifugo, kulungu huikwepa pale penye chakula kingine, na zulia lake ni zito kiasi kwamba kifaranga cha bata mzinga au cha kwale hawezi kupenya chini yake. Klova iliyomwagwa juu yake itaonekana msimu mmoja kisha itamezwa. Iueni kwanza: katika vuli, nyasi nyingine zikiwa zimelala na feskyu bado ni kijani, nyunyiza glaifoseti (dawa ya kuua magugu) kwa kipimo cha lebo, na machipuko urudie palipochipua upya. Panda vuli inayofuata.

Mchangiaji kutoka Nashville

Na mboga za jamii ya sukuma wiki, tanipu na figili? Mifuko mingi inazo.

Mleta uzi

Zina nafasi yake, ila si ya kwanza. Zinataka jua kamili na naitrojeni nyingi, na naitrojeni ndiyo inayokosekana katika udongo uliotoka kuwa msitu. Baridi ikizipiga, sukari huongezeka majanini, na ndipo kulungu wengi huzigeukia. Katika maeneo ambako hawajazizoea, wanaweza kuziacha mwaka mzima wa kwanza. Mtu mwenye nusu ekari yenye jua anaweza kutenga robo yake kwa figili na tanipu, apande mwanzoni mwa Agosti, na asirudie mahali pale pale zaidi ya miaka miwili mfululizo kwa sababu ya magonjwa ya mizizi. Mwenye robo ekari yenye kivuli aziache.

Mchangiaji kutoka Bowling Green

Wakuu, mimi lengo langu ni bata mzinga zaidi kuliko kulungu. Nimesoma kwamba wanapandiwa ndago. Hii ni ile ndago yetu inayosumbua mashambani? Na je, naweza kuomba ndugu zangu Morogoro waniletee mbegu za kunde na mtama kwenye begi?

Mleta uzi

Ndago inayopandwa hapa huitwa chufa, ni aina ya kufugwa ya Cyperus esculentus, na bata mzinga huifukua kwa kucha ili wale vile viazi vyake vidogo. Inafaa sana kwenye udongo wa kichanga wenye jua wa majimbo ya kusini zaidi. Kwenye mfinyanzi mzito wa Kentucky ndege hawawezi kufukua vizuri, na rakuni humaliza kilichobaki. Kumbuka kwamba kifaranga cha bata mzinga katika wiki zake za kwanza huishi kwa wadudu zaidi kuliko mbegu. Klova fupi iliyochangamka hujaa wadudu, na mama huweza kupita humo na vifaranga wake huku akiona adui anayekuja. Kwa hiyo hata kwako jibu ni klova, ukiacha ukanda wa ngano pembeni ukomae na kudondosha punje mwezi Juni.

Kuhusu begi, hapana. Mbegu za kupanda haziruhusiwi kuingia bila cheti cha afya ya mimea na vibali husika, na sababu yake sisi tunaijua kuliko wengi. Kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama kwetu, liligunduliwa katika majimbo ya Carolina mwaka 1956, na serikali imetumia miongo mingi na fedha nyingi kulitokomeza. Mbegu yake ni kama vumbi, huwezi kuiona kwenye mtama. Hata mimea iliyopandwa kwa nia njema na idara zenyewe za hapa imeleta shida: Elaeagnus umbellata (aina ya kichaka) na Lespedeza cuneata (mmea wa jamii ya kunde) zilisambazwa kwa ajili ya wanyamapori na kuhifadhi udongo, na leo ni magugu vamizi yanayofukuzwa msituni. Ukiziona zimeorodheshwa kwenye tovuti ya muuzaji yeyote, zipite.

Mchangiaji kutoka Louisville

Niongeze la sheria. Ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu (chronic wasting disease, CWD), ambao huambukizana kati yao na kuwaua, ulithibitishwa Kentucky kwa mara ya kwanza Desemba 2023, katika kaunti ya Ballard, magharibi ya mbali. Shamba lililopandwa na mahindi yaliyomwagwa chini ni vitu viwili tofauti mbele ya sheria, na kanuni za kaunti zilizo chini ya uangalizi ni kali zaidi. Kila mtu asome mwongozo wa msimu husika wa idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo lake kabla ya kufanya lolote.

Mleta uzi

Nakuunga mkono kikamilifu mkuu. Rundo la mahindi huwakutanisha wanyama pua kwa pua mahali pamoja. Klova iliyosambaa huwatawanya kidogo, ingawa nayo haiondoi hatari yote.

Mchangiaji kutoka Lexington

Kaka, swali la mwisho. Nitajuaje kwamba mbegu imekubali, maana klova ikiwa fupi siwezi kujua kama haikui au inaliwa?

Mleta uzi

Dada, chukua waya wa chuma wa matundu, uuviringishe upate duara lenye upana wa meta moja na urefu wa meta moja na nusu, uusimamishe katikati ya kishamba siku ile ile ya kupanda na kuufunga kwa vigingi viwili. Rudi baada ya wiki sita. Ndani kukiwa na klova ndefu na nje fupi, mbegu yako ni nzuri na wanyama ni wengi. Ongeza eneo au ruhusu majike wachache zaidi wavunwe kwa mujibu wa leseni. Ndani na nje kukiwa kufupi sawasawa na majani yana rangi ya njano, tatizo ni udongo au kivuli, na hapo karatasi ya vipimo ndiyo ya kurudia kabla ya kununua mfuko mwingine. Ukipiga picha ya hilo duara mwezi Novemba, iweke hapa pamoja na pH na upande ambao miti mirefu imesimama, nami nitakuambia mbegu gani ya kuongeza Februari.